Vipande vya Wangechi na Kondoo Aliyeliwa Njiani

"Hata anayechinja mbuzi ya sherehe hupewa kipande chake," Wangechi alikuwa akilalamika, mkasi bado mkononi. "Mimi nimewashonea miaka hii yote, na bado mnanipimia mabaki kama mtu ameiba kahawa ya ushirika. Hiyo kitambaa mnaenda kuichoma, Mama Lynn. Mnachoma kitambaa, na baridi ya Julai ndiyo hii."

Mama Lynn ndiye mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa letu hapa Ruring'u. Alikuwa ameshika gunia dogo la mabaki, analipandisha na kulishusha kwa mkono kama mtu anayenunua kuku na hamwamini mwenye kuku.

"Hii gunia ni nyepesi," akasema.

"Ni kitambaa. Ulitaka iwe na mifupa?"

Mimi nilikuwa mlango wa pili, kwenye kibanda changu cha chai, na wateja wangu waliacha kunywa wakasikiliza. Ugomvi huo ulirudi kila mara umoja ulipokuwa na washiriki wapya wa kupokea. Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Gauni la umoja ni la zambarau, lina utepe mweupe shingoni, na kilemba chake ni cha kitambaa hicho hicho. Mwanamke halivai mpaka apokewe mbele ya kanisa na kuombewa. Kwa hiyo fundi akishakata magauni, kila kinachobaki, hata ukanda wa upana wa kidole, sharti kirudishwe kwa mwenyekiti, naye anakwenda kukichoma nyuma ya jikoni la kanisa. Ati asije mwanamke ambaye hajapokewa akajishonea kilemba na kuja kukaa na wenzake benchi la mbele.

Ukisikia sababu hiyo utadhani wanawake wa Ruring'u hawapati usingizi wakiwaza namna ya kuiba kilemba. Mimi niko katika kanisa hilo tangu ubatizo wangu, na mwanamke mwenye wazimu wa namna hiyo sijamwona, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ndiye waliyempa kitambaa ashone.

Wangechi alizaliwa Tetu, boma la majani chai na ng'ombe wa maziwa, mtoto wa mwisho. Baba yao alipokufa, kaka yake Wamae akawa ndiye baba, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Wangechi alisoma mpaka darasa la nane kama sisi wengine, kisha akatumwa Nanyuki kwa mama mmoja Msomali, Hamdi, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akitafuta msichana wa kufagia. Hamdi alikuwa na cherehani nyuma ya duka, na hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kilichofagiwa sakafuni kilichambuliwa kabla hakijafika nje. Vijiuzi vilijaza vifuko vya kuchomekea sindano. Ule ukanda mgumu wa pembeni wenye maandishi ya kiwanda, ambao kila fundi huukata na kuusahau, Hamdi aliusuka kama nywele, akauzungusha, akaushona ukawa mkeka wa mlangoni. Msichana aliyekuja kufagia alirudi kwao akiwa fundi, na akiwa ameambukizwa ugonjwa huo.

Nenda kwake uone. Githeri yake, mahindi na maharagwe, haikai motoni mpaka iive. Huichemsha kidogo, akakitumbukiza chungu ndani ya kikapu kilichojazwa vipande vya sare za shule, akakifunika na mto wa vipande hivyo hivyo, akaenda kazini. Jioni githeri imeiva na kuni ziko pale pale. Nyanya zake zimesimamishwa kwa vijiti na kanda za mashati ya wanafunzi. Ndoo yake ya maziwa ina koti. Kwa hiyo ndoo nilimcheka waziwazi. Mwanamke mzima, mwenye akili zake, anaipima ndoo kiuno.

Lakini kazi anayojulikana nayo ni mablanketi. Mafundi wengine wakijaribu kazi ya vipande hukata kila kitu kiwe mraba, na katika kusawazisha hutupa nusu, kisha wanajiita watu wa kutumia mabaki. Wangechi huchukua kipande kisichofaa kwa lolote, kiasi cha kiberiti, akakiweka katikati. Anakishonea ukanda upande huu, kisha upande ule, anakwenda akizunguka, kanda nyembamba zikiwa ndani na pana nje, mpaka hicho kiberiti kimekuwa kitanda. Vile vipande vya mviringo vinavyotoka kwapani na shingoni, ambavyo hata mimi ningepangusia meza, huvilalisha kimoja juu ya mwisho wa kingine kama mabati ya nyumba. Ndani, kati ya kitambaa cha juu na cha chini, hutia manyoya ya kondoo kutoka Mweiga, kwao mumewe, yale machafu ya tumboni ambayo wakataji huyaacha kwenye matope. Huyaosha, akayachambua kwa vidole, akayatandaza. Blanketi kama hilo ukijifunika unasahau kama kuna mlima wenye theluji karibu. Likipata maji, basi, linanuka zizi zima.

Kuna duka la wageni huko Nanyuki ambalo huyauza kwa bei ya ndama, na juu yake wameandika kwamba yameshonwa na mikono ya mlima. Hiyo mikono ninaijua. Ina alama za sindano, na moja imevimba kidole gumba.

Sasa utauliza, mwanamke kama huyo, ambaye Jumapili hakosi, kwa nini hakupokewa katika umoja? Kwa sababu hakufunga ndoa kanisani. Na kwa nini hakufunga? Kwa sababu ya kondoo.

Nitaeleza, ingawa kila nikieleza hukasirika upya.

Mwai wa Mweiga alipomtaka Wangechi, mahari ilienda vizuri mpaka kikabaki kitu kimoja, yule kondoo dume aliyenona ambaye sisi humwita ngoima. Bila ngoima mambo hayajaisha, hata kama umeleta ng'ombe wa nchi nzima. Mwai akamtoa katika zizi la baba yake, mnyama mwenye mkia kama mto wa kulalia, akaondoka naye kwenda Tetu pamoja na vijana wenzake. Mvua ikawashika njiani. Wakaingia kwa rafiki yao kujikinga, na kwa huyo rafiki kulikuwa na moto, na kisu, na njaa, na hakukuwa na mwanamke hata mmoja wa kuwauliza wanafanya nini. Kesho yake walifika Tetu wakiwa na ngozi na maelezo. Maelezo yalikuwa kwamba kondoo aliugua ghafla, wakamuwahi kabla hajafa.

Wamae aliipokea ngozi, akaitupa juu ya ua, mbwa wakaimaliza. Maelezo hakuyapokea. Alisema anataka kondoo wake. Mwai akasema kondoo alishatoka kwao, na akileta mwingine itakuwa amekubali kwamba wa kwanza alimla. Miaka ikaenda. Wamae naye akazidisha, akasema hata kondoo mwingine hamtaki sasa, anamtaka yule. Yule aliyeliwa. Basi wanaume wawili wenye ndevu wakakaa wakimngojea mnyama aliyekwisha kuwa samadi, mmoja Tetu, mwingine hapa Ruring'u, na Wangechi katikati yao.

Mchungaji wetu hafungishi ndoa mpaka mtu wa upande wa mwanamke asimame aseme hakuna deni. Wamae hakutaka kusimama. Kwa hiyo kila mwaka Mwai alisema Disemba. Disemba ataenda kuongea na Wamae. Anita, binti yao, alizaliwa, akasoma, akamaliza, akapata kazi Nakuru, na Disemba hiyo haijafika. Siku moja nilimwuliza Wangechi kwa nini asinunue kondoo mwenyewe ampeleke tuishe. Akaniangalia kama nimetukana.

"Mwanamke hujilipia mahari?"

Ni kweli, hajilipii.

Kila umoja ulipokuwa na wapya, Wangechi aliwapima, akawakatia, akawashonea, akawapigia pasi. Jumapili yao alikaa benchi la nyuma akiangalia pindo zake zikitembea mbele ya kanisa juu ya miguu ya watu wengine. Alitaka kitu kimoja duniani, kulivaa gauni lile naye aombewe. Mimi nilimwambia mara nyingi kwamba anatamani kukaa na watu ambao hata chumvi hawawezi kugawana bila kuunda kamati. Alinisikiliza huku akikata uzi kwa meno. Hakuwa akinibishia. Alikuwa akingoja nimalize.

Na lile gunia kweli lilikuwa jepesi. Kumpa Mama Lynn haki yake kunanikwama kooni, lakini hapo hakukosea. Kila kundi jipya lilipokuja, Wangechi alibakisha ukanda mmoja, akauweka ndani ya nguo yake, akaenda nao nyumbani. Huko alikuwa na blanketi ambalo hata mimi jirani yake sikulijua. Katikati kilikuwa kipande cha kiberiti kutoka gauni la kwanza kabisa alilowashonea. Kikazungukwa na ukanda wa kundi lililofuata, na ukanda wa lililofuata tena, zambarau juu ya zambarau, na rangi haikuwa moja kwa sababu umoja ulibadilisha wauzaji kila walipogombana nao, yaani mara kwa mara. Kanda nyingine zilikuwa nyeusi kama tunda lililoiva sana, nyingine zimepauka kama ua la kiazi. Ndani alitia manyoya ya Mweiga kama kawaida yake. Hakuna aliyewahi kulilalia. Lilikuwa likikaa sandukuni likiongezwa.

Mwezi wa nane jua likatoka, naye akalianika juu ya ua wa nyuma lisiote ukungu. Ua huo unaonekana kutoka njia ya uwanja wa michezo. Mama Lynn alikuwa akipita. Mama Lynn hupita kila mahali.

Walikuja siku hiyo hiyo, yeye na wawili wa kamati, wamevaa sare kamili mpaka vilemba, siku ya Jumanne, kama watu wanaokwenda mazishi. Niliacha chai yangu ikichemka nikawafuata, kwa sababu najua kamati ikienda kwa mtu aliye peke yake hurudi na maneno ambayo hakuyasema. Tulimkuta Wangechi amesimama mbele ya ua, mikono mgongoni, kama ataweza kulificha blanketi la vitanda viwili kwa mgongo wake mdogo.

Mama Lynn alianza kwa upole, na upole wake ndio mbaya. Alimwuliza kama anajua kwamba kitambaa hicho ni kitakatifu.

"Gauni ndiyo mnaombea," Wangechi alisema. "Mabaki hakuna mtu amewahi kuombea. Mnayamwagia mafuta ya taa."

Mmoja wa kamati alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Sawa," Mama Lynn alisema. "Basi nijibu hii. Wewe hujafunga ndoa. Unalala na mwanamume chini ya kitambaa yetu?"

Nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewaza jambo hilo mpaka liliposemwa, na lilipokwisha kusemwa hakuna aliyeweza kuwaza lingine. Waliliangalia blanketi kana kwamba Mwai yumo ndani amelala na viatu.

"Mwai hajawahi kujifunika hiyo," Wangechi alisema. "Hata mimi. Naongeza tu."

"Unaongeza ukingoja nini?"

"Nawangoja nyinyi."

Ungedhani neno hilo lingewagusa. Yule aliyecheka aliinamisha macho kidogo, nitasema hivyo kwa faida yake. Mama Lynn alirekebisha kilemba. Akatoa hukumu pale pale, kuku wakisikiliza. Jumapili Wangechi alilete blanketi kanisani, baada ya ibada lichomwe kamati ikiona. Asipolileta, kitambaa cha umoja hatakikata tena, na jina lake halitatajwa mbele ya akina mama hata kama atafunga ndoa mara tatu.

Walipokwisha kuondoka nilimwambia ashukuru Mungu, amewekwa huru kutoka kwa wendawazimu. Wangechi hakuwa akinisikia. Alilitoa blanketi uani, akalikunja, akakaa nalo magotini akikipapasa kile kipande cha katikati. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa akipiga hesabu ya njia.

Mwai alirudi saa ya chai, akaegemea mlango, akauliza kuna nini ya kula. Ni mwanamume mrefu, mpole, wa kupendeza hata, kama ukimtazama kutoka mbali na humhitaji.

"Baba Anita," Wangechi alimwambia, "Alhamisi tunaenda Tetu. Unapeleka kondoo."

Mwai akasema si waliongea, ni Disemba. Wangechi aliuweka mkasi mezani. Sisemi alimtishia. Ulikuwa tu mkononi mwake, akauweka. Mwai akasema Alhamisi ni sawa, lakini kondoo hana.

"Huyu hapa," Wangechi akasema, akamwekea blanketi mikononi.

Alimweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Yule aliyeliwa harudi. Lakini manyoya yaliyomo ndani ni ya zizi lile lile la baba yake Mwai, ya kizazi cha yule yule. Likibaki Ruring'u, Jumapili litakuwa majivu. Likienda Tetu, Wamae ana kanisa lake, na Mama Lynn hana mkono wa kufika huko. Wamae akilikubali aseme deni limeisha. Akikataa, angalau atalitupia mbwa wake, si moto wa kamati.

Nilikwenda nao. Huendi kwa wakwe bila wanawake wa kubeba sukari na unga, na Wangechi alisema anahitaji mtu ambaye Wamae hatamnyamazisha kwa kumtazama. Tetu kulikuwa na manyunyu yale yasiyonyesha wala kuacha. Tuliposhuka barabarani Wangechi alinipa mimi sukari, akachukua unga, na blanketi akamwachia Mwai. Mwai akauliza kama hatumsaidii. Tukaanza kupanda. Ilibidi alibebe shingoni, ncha mbili amezishika kifuani kama miguu ya mnyama, na njia nzima katikati ya majani chai manyunyu yakilinywesha, likawa zito, na likaanza kunuka. Watu waliokuwa wakichuma walisimama kumtazama. Mmoja aliuliza kwa sauti kama huyo ni Mwai wa Mweiga, na kama mara hii amefika naye mzima.

Wamae alikuwa ameketi kibarazani kwake na koti la mvua juu ya koti la baridi. Amezeeka, amekonda, magoti yake yanatoka kama vipini vya jembe. Alitusalimia sisi wanawake. Hakumsalimia Mwai.

"Mwana wa Mweiga," alisema akiangalia pembeni. "Umeniletea ngozi nyingine?"

Wangechi akafungua mdomo. Wamae akainua mkono, akasema huyu dada yake anyamaze, mahari haisemewi na anayeolewa, aseme aliyeoa. Mimi nilikuwa na maneno tayari, tena makali, lakini Wangechi alinikanyaga mguu. Tukamgeukia Mwai wote. Alikuwa amesimama kwenye manyunyu, maji yakimtiririka kutoka kwenye blanketi mpaka viatuni. Nilijua atasema Disemba. Ningeweka kibanda changu rehani kwamba atasema Disemba.

"Hakuwa mgonjwa," Mwai akasema.

"Nani?"

"Kondoo, muthoniwa," akasema, akimwita kwa heshima ya ukwe. "Hakuwa na ugonjwa wowote. Tulikuwa na njaa, na yeye alikuwa mnono. Tulimla."

Wamae akamgeukia Mwai kwa mara ya kwanza. Jogoo alipita kibarazani, akasimama, akaona hali ilivyo, akaondoka.

"Na mkia?" Wamae akauliza.

"Mkia ndio tulianza nao."

Mzee alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui ilikuwa kikohozi au kicheko. Akasema, lete hapa. Mwai alilitua blanketi magotini mwa mzee. Wamae alilifinya, akalinusa, akalifinya tena upande mwingine kama watu wanavyoshika mnyama mnadani kuona kama ana nyama. Akasema hii kitu inanuka kondoo. Wangechi akamwambia ni kondoo wa Mweiga, zizi lile lile. Akamshika kidole akakiweka katikati, kwenye kile kipande cha kiberiti.

"Hapa ndipo nilianza kuwashonea," alisema. "Ndio mwaka ule kondoo aliliwa. Ile ingine yote ni kungoja."

Wamae alikipeleka kidole kutoka ukanda hadi ukanda, akizunguka, polepole, mpaka akafika ukingoni na kidole kikakosa pa kwenda. Nikajiambia sasa moyo wake umelainika. Akapiga chafya. Kisha akainuka na blanketi lake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mkewe alitupa chai pale nje. Tulikunywa, tukangoja, mlango haukufunguka. Tulirudi Ruring'u bila jibu, na bila blanketi. Njiani Mwai alisema angalau yeye amejitahidi, kwa sauti ya mtu aliyepanda mlima mpaka juu na kurudi. Kazi ya Wangechi ya miaka yote ilikuwa imebaki nyuma ya mlango wa mzee mkaidi, na Jumapili ilikuwa inakuja.

Ikaja. Mama Lynn alikuwa ameshaweka chupa ya mafuta ya taa nyuma ya jikoni, niliiona kwa macho yangu, imewekewa kizibo cha gazeti. Wangechi aliingia kanisani mikono mitupu, akakaa benchi letu la nyuma. Mwai alikaa karibu naye, amenyoa. Wakati wa matangazo Mama Lynn alisimama, akasema umoja una jambo na fundi, na kabla ya jambo lenyewe anaomba kuuliza mbele ya kanisa, kile alichoagizwa kuleta kiko wapi.

Wangechi akasimama.

Ndipo mlango ulipofunguliwa. Wamae aliingia na fimbo, viatu vimejaa udongo mwekundu wa Tetu, na mabegani amejifunga blanketi la zambarau kama wazee wanavyojifunga wakienda kuangalia ng'ombe asubuhi. Lilimfunika mpaka vigimbi vya miguu. Huko kwake kulikuwa kumenyesha, kwa hiyo harufu ilitangulia kidogo. Vilemba vyote vya benchi la mbele viligeuka kwa pamoja. Walikijua kitambaa chao. Lakini mzee wa watu, mgeni, katikati ya kanisa, nani atamvua nguo?

Mchungaji akamwuliza yeye ni nani.

"Mimi ni Wamae wa Tetu, ndugu ya huyu fundi. Nimeambiwa hapa mnataka mtu aseme kama kuna deni."

Mchungaji akasema ni kweli, walimngoja sana.

"Huyu Mwai nilikuwa namdai kondoo," Wamae akasema. "Nimempata. Hakuna deni."

Wangechi aliketi ghafla, kama mtu aliyekatwa uzi. Mwai akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo sikumwona akilifanya hata Anita alipozaliwa. Mama Lynn alikuwa bado amesimama.

"Mzee," akasema, "samahani, lakini hiyo kitambaa umevaa ni ya umoja wetu."

"Hii si kitambaa, mama," Wamae alimwambia. "Huyu ni kondoo wangu. Na niko na baridi. Sogea."

Akajivuta mpaka benchi la mbele, akalikaza blanketi shingoni, akangoja.

Mama Lynn akasogea.